Nguvu za Kopo: Somo kwa Wenzetu Waliotibiwa Kansa ya Tezi Dume



Somo letu la mara hii ni la afya, lakini chanzo chake ni kazi. Tunaliandika kwa sababu ya jambo lililotokea katika tawi letu hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, ambako wengi wetu ni wapakiaji, madereva na walinzi wa bohari. Mwenyewe ametupa ruhusa tulieleze, ila jina lake tusilitaje.

Mzee huyu amebeba magunia kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipokuwa na umri wa miaka 58 aligunduliwa kuwa na kansa ya tezi dume. Akatibiwa kwa mionzi, na akawekwa kwenye sindano za kupunguza homoni za kiume. Alirudi kazini kabla ya miezi miwili kwisha, kwa kuogopa kuachishwa. Gunia alilokuwa akilirusha begani kama mto, sasa likamshinda. Msimamizi akamwambia mbele ya watu kwamba bohari si wodi.

Jumamosi iliyofuata mzee akaenda mjini akanunua vitu vitatu: kopo kubwa la unga wa protini, chupa ya vidonge vilivyoandikwa kuwa vinaongeza nguvu na misuli ya mwanamume, na chupa ya vitamini. Fedha aliyotoa ilikaribia nusu ya mshahara wake wa mwezi. Akavificha chini ya kitanda, hata mkewe asimwambie.

Baada ya miezi minne alikwenda kupimwa damu. Kipimo kiitwacho PSA, ambacho kilikuwa kimeshuka vizuri, kilikuwa kimepanda. Tena homoni ya kiume, ambayo sindano ilipaswa kuishusha mpaka chini kabisa, ilikuwa juu. Daktari akamwuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. Akajibu hapana. Yakaanza mazungumzo ya kumbadilishia matibabu, kwa kuwa ilidhaniwa sindano zimeshindwa. Ni mkewe aliyeziona chupa alipokuwa akifagia. Akazitia katika mfuko, akazipeleka hospitali yeye mwenyewe. Daktari akaamuru vile vidonge viachwe, kisha mgonjwa apimwe tena. Vipimo vyote viwili vikashuka.

Orodha iliyokuwa kwenye chupa ya vidonge ilitaja mizizi na majani tu.

Tulipolizungumza jambo hili tawini, wanachama wengine wawili wakakiri kwamba nao wametibiwa tezi dume na nao wana makopo nyumbani. Ndipo tukaona hapana budi tujifunze pamoja. Sisi si waganga. Tumeuliza wauguzi na madaktari, tumesoma, na tunayaeleza kwa lugha ya kazini.

1. TEZI DUME NA MATIBABU YAKE

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanamume anacho. Kimeuzunguka mrija wa mkojo, na kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mtu anapozeeka, tezi hii huweza kukua na kuubana mrija. Kukua huko peke yake si kansa. Lakini kansa nayo huweza kuanza humo, na hapa Uganda ni miongoni mwa kansa zinazowapata wanaume kwa wingi zaidi.

Matibabu makubwa ni matatu. Kwanza, upasuaji wa kuiondoa tezi. Pili, mionzi. Tatu, kuzuia homoni ya kiume, iitwayo testosteroni, kwa sindano, kwa vidonge, au kwa kuondoa makende. Mgonjwa mmoja huweza kupata aina moja au zaidi.

Hii ya tatu ndiyo yafaa tuielewe vizuri, maana ndiyo ufunguo wa somo lote. Mwaka 1941 daktari wa Chicago, Charles Huggins, pamoja na mwenzake Clarence Hodges, walionyesha kwamba kansa ya tezi dume hutegemea homoni ya kiume. Ukiipunguza homoni, kansa hunywea. Ukiiongeza, kansa huchochewa. Kwa kazi hiyo Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tiba ya homoni inayotolewa hadi leo imejengwa juu ya msingi huo.

Lakini homoni hiyo hiyo ndiyo inayojenga misuli na kuimarisha mifupa ya mwanamume. Kwa hiyo aliye kwenye tiba ya homoni hupungukiwa misuli, huongezeka mafuta tumboni, huchoka haraka, hupata joto la ghafla mwilini, na mifupa yake huwa myepesi kuvunjika. Hamu ya tendo la ndoa hupungua au kwisha. Aliyepasuliwa huweza kuvuja mkojo kwa wiki au miezi kadhaa. Aliyepigwa mionzi huweza kuwashwa kibofu na kwenda haja mara nyingi.

Ndugu, mambo haya si uvivu, wala si laana. Ni gharama ya dawa inayomweka mtu hai. Mwenzako akirudi bohari akashindwa na gunia, ujue kinachomshinda.

2. KWA NINI KOPO LINATUVUTA

Twasema mara nyingi kwamba mtu hununua makopo kwa ujinga. Sivyo. Mzee wetu alinunua kwa hesabu.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha fanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi, akiugua na kushindwa kufanya kazi, alipwe mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukimalizika naye bado mgonjwa, mwajiri anaweza kuuvunja mkataba, mradi afuate masharti ya mkataba huo. Sasa tufanye hesabu pamoja. Mionzi huchukua wiki kadhaa. Baada ya upasuaji wa kufungua tumbo, wagonjwa wengi huambiwa wasinyanyue kitu kizito kwa muda wa wiki sita hivi. Tiba ya homoni huendelea miezi sita, miaka miwili, pengine maisha yote. Miezi miwili ya sheria haitoshi, na mtu anaona siku zinakwisha.

Juu ya hofu hiyo kuna aibu. Ugonjwa huu unagusa mkojo na unyumba, mambo ambayo mwanamume hayasemi hadharani. Mwenye duka analijua hilo. Humwuzia mtu wa namna hii bila maswali, na picha iliyo kwenye kopo inamwonyesha kijana mwenye mikono kama shina la mwembe. Hivyo hofu ya kazi na aibu ya mwili humfikisha mtu dukani, naye akitoka dukani huficha alichonunua. Na kuficha ndiko kunakoleta hatari kubwa kuliko zote.

3. VITU VINAVYOUZWA: TUVITENGANISHE

Si kila kopo ni sumu, wala si kila kopo ni msaada. Tuvipange kwa makundi.

(a) Unga wa protini. Huu kwa kawaida hutengenezwa kwa maziwa au soya. Ni chakula kilichokaushwa, basi. Kipimo kimoja huwa na gramu 20 hadi 25 za protini. Kwa mtu ambaye figo zake ni nzima na unga wenyewe ni safi, hauna ubaya wake peke yake. Lakini tezi iliyobana mkojo kwa muda mrefu huweza kuziumiza figo, kwa hiyo mgonjwa aulize kwanza. Tena bei yake ni kubwa kuliko ya chakula chenye protini ile ile, kama tutakavyoona.

(b) Kriatini. Hiki ni kitu ambacho mwili hujitengenezea, nacho kimo katika nyama na samaki. Wanamichezo hukitumia, kwa kawaida gramu 3 hadi 5 kwa siku, na kwa watu wenye figo nzima hakijaonekana kuleta madhara makubwa. Lakini kinaweza kupandisha kipimo cha damu ambacho madaktari hukitazama ili kujua hali ya figo. Daktari asiyejua kwamba unakitumia ataona figo zinaharibika, kumbe ni kopo. Usikianze bila kumwambia.

(c) Vidonge vya kuongeza homoni. Hapa pana hatari ya wazi. Humo mna vile vinavyoitwa vya kuongeza testosteroni, vyenye DHEA, na vile vya kujenga misuli kwa haraka. Kumpa vitu hivi mtu aliye kwenye sindano za kupunguza homoni ni sawa na watu wawili kuchota maji mtumbwini huku wa tatu anayarudisha kwa ndoo. Aliyetibiwa kansa ya tezi dume asiviguse. Kuna hali chache ambapo daktari bingwa huweza kumpa mtu aliyepona homoni kwa uangalizi wa karibu. Hayo ni ya hospitali na vipimo, si ya dukani.

(d) Vitamini kwa wingi. Wengi hufikiri vitamini haiwezi kudhuru. Mwaka 2001 ulianza utafiti mkubwa huko Marekani, Kanada na Puerto Rico, ulioitwa SELECT. Wanaume zaidi ya 35,000 wasiokuwa na kansa ya tezi dume walipewa vitamini E, au madini ya seleniamu, au vyote viwili, au vidonge vitupu. Ilitumainiwa kwamba vitawakinga. Mwaka 2008 waliambiwa waache kuvimeza, kwa sababu faida haikuonekana. Mwaka 2011 matokeo yalionyesha kwamba waliokunywa vitamini E peke yake, yuniti 400 kila siku, walipata kansa hiyo zaidi ya wale wa vidonge vitupu kwa asilimia 17. Kwa hesabu ya kawaida: katika wanaume 1,000 kwa miaka saba, wa vidonge vitupu waliopatwa walikuwa 65, na wa vitamini E walikuwa 76.

Hao walikuwa watu wazima wa afya. Je, aliyekwisha pata kansa? Mwishoni mwa mwaka 2014 ulitolewa utafiti mwingine wa Marekani uliofuatilia wanaume 4,459 waliokuwa na kansa ya tezi dume isiyoenea. Waliokuwa wakimeza seleniamu mikrogramu 140 au zaidi kwa siku walikufa kwa kansa hiyo zaidi ya wasiomeza. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kidonge ndicho kilichoua. Lakini unatosha kumfanya mtu arudishe mkono mfukoni. Vitamini anayokupa daktari kwa sababu umepungukiwa ni jambo lingine, kwa maana hapo kuna kipimo na kuna sababu.

(e) Mitishamba ya kutibu tezi. Hapa tujifunze kwa kisa cha PC-SPES. Dawa hii iliuzwa Marekani katika miaka ya 1990 kama mchanganyiko wa mitishamba minane. Herufi PC zilisimama mahali pa maneno ya Kiingereza ya kansa ya tezi dume, na SPES ni neno la Kilatini lenye maana ya tumaini. Wagonjwa waliitumia na PSA zao zikashuka kweli. Wengine walivimba matiti, wengine wakapata madonge ya damu. Ilipopimwa maabara, ndani yake vilikutwa vitu vya kiwandani visivyotajwa: homoni ya kike iitwayo DES, dawa ya maumivu ya indomethasini, na dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo warfarini. Mwaka 2002 iliondolewa sokoni. Kwa hiyo iliyofanya kazi ilikuwa dawa ya hospitali iliyofichwa ndani ya majani, bila kipimo na bila mtu wa kuwaangalia wagonjwa.

Sisi tuna waganga wetu wa mitishamba na hatuwadharau. Ila tunasema: majani ya kweli nayo ni dawa, na dawa mbili huweza kugombana tumboni. Mwambie daktari.

(f) Dawa za nguvu za kiume. Baada ya upasuaji au mionzi, wanaume wengi hupata shida ya unyumba. Ipo tiba halali ya shida hiyo, na daktari hashangai kuulizwa. Lakini dawa nyingi zinazouzwa kwenye vibanda na mabasi kwa jina la mitishamba zimekutwa zimechanganywa na sildenafili, ile iliyomo katika Viagra. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimetoa onyo, na ya kwetu, NDA, ni mojawapo. Hatari yake ni hii: mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti akimeza sildenafili, presha yake huweza kushuka ghafla akaanguka, pengine asiamke. Mtu wa miaka sitini mwenye ugonjwa wa moyo anaimeza bila kujua, kwa sababu chupa inasema ni mizizi.

(g) Unga wa kunywa kabla ya mazoezi. Mara nyingi hujaa kafeini, kitu kile kilichomo katika kahawa, kwa kipimo kikubwa. Moyo hukimbia. Na kibofu kilichopigwa mionzi huwashwa zaidi, mtu akawa hatoki msalani.

4. LEBO HAITOSHI

Mwenzetu mmoja akauliza: si nisome tu maandishi ya chupa? Soma, lakini usiishie hapo.

Kati ya mwaka 2000 na 2001 maabara ya Köln huko Ujerumani, inayopima dawa haramu za wanamichezo, ilikusanya bidhaa 634 za aina hii kutoka nchi 13. Zote zilikuwa zile ambazo lebo zake hazikutaja homoni. Zilipopimwa, 94 zilikuwa na homoni za kujenga misuli au vitu vya jamii hiyo. Hiyo ni karibu moja katika kila saba. Mwanamichezo anayezitumia huweza kupoteza medali. Mgonjwa wetu atapoteza zaidi ya medali.

Wengine husema: lakini hii imetoka Marekani. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, bidhaa hizi hazihitaji kuthibitishwa na serikali kwamba ni salama na zinafaa kabla ya kuuzwa. Serikali huingia zaidi baada ya madhara kuonekana. Kwa hiyo bendera iliyochorwa kwenye kopo si cheti.

Tena kuna kidonge ambacho chenyewe hakidhuru lakini hudanganya kipimo. Biotini ni vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, nayo imo katika michanganyiko mingi. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba biotini nyingi katika damu huweza kuharibu majibu ya vipimo vya maabara. Kwa baadhi ya mashine, PSA inaweza kuonekana iko chini kuliko ilivyo. Fikiri juu ya jambo hilo. Mtu anaambiwa amepona, anarudi nyumbani anachinja kuku, kumbe ugonjwa unaendelea.

5. NGUVU HURUDI KWA NJIA GANI

Hatupendi kumwambia mtu aache kitu bila kumwonyesha cha kushika. Njia ipo, ingawa ni ya polepole.

Kwanza, chakula. Washauri wa lishe ya wagonjwa wa kansa husema mtu apate protini zaidi ya gramu moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana mpaka gramu moja na nusu. Mtu wa kilo 60 basi anataka gramu 60 hadi 90. Tuzipige hesabu jikoni. Mayai mawili, gramu 12. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, gramu 15. Kikombe cha maziwa, gramu 8. Konzi ya karanga, gramu 7. Konzi nzuri ya dagaa wakavu, ambao hapa tunawaita mukene, gramu 15. Jumla 57, na bado hatujahesabu posho yenyewe. Tena mukene huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo ina kalisiamu ambayo mtu wa sindano za homoni anaihitaji. Daktari akiona haja ya vidonge vya kalisiamu na vitamini D ataandika, na kipimo atakitaja. Usizidishe.

Pili, mazoezi. Mwaka 2003 ulitolewa utafiti wa Kanada juu ya wanaume 155 waliokuwa kwenye tiba ya homoni kwa kansa ya tezi dume. Nusu hivi walifanya mazoezi ya kunyanyua uzito mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Hao walipungukiwa na uchovu na misuli yao ikapata nguvu, hali wenzao waliosubiri hawakupata. Maana yake ni kwamba misuli hujibu mazoezi hata kama homoni imezuiwa, na hakuna kopo lililohitajika.

Hatuna vyuma vya jimu, lakini tuna viti na majerikeni. Anza kwa kutembea kila siku. Daktari akikuruhusu, kaa kitini na usimame bila kushika, mara nane au kumi, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono. Nyanyua jerikeni lenye lita mbili, na wiki nyingine uongeze kidogo. Ukiona maumivu ya mfupa, acha na urudi hospitali. Na yule ambaye kansa imefika mifupani asianze lolote la uzito bila kuonyeshwa na mtaalamu, kwa sababu mfupa wake huweza kuvunjika.

Tatu, gunia si zoezi. Zoezi huanza dogo na kupanda. Gunia la kilo 50 au zaidi halimsubiri mtu.

6. KAZI YA CHAMA

Hapa ndipo tunaporudi tulikoanzia. Tukimwambia mwenzetu atupe kopo, halafu tukamwacha peke yake mbele ya msimamizi, atalinunua tena. Anachokitafuta kwenye kopo ni muda. Muda huo chama kinaweza kuupigania.

Katika tawi letu tulichukua hatua hizi. Tulimpeleka mzee kwa mwajiri pamoja na barua ya daktari iliyosema hawezi kunyanyua mzigo mzito kwa miezi minne, bila kutaja aina ya ugonjwa. Tukaomba kazi nyepesi. Jibu la kwanza lilikuwa hapana. Tukarudi mara ya pili na mkataba wa pamoja mkononi, tukaonyesha kwamba karani wa kuhesabu magunia anahitajika zamu ya usiku na hayupo. Akapewa kazi hiyo kwa mshahara wa zamani. Wa pili naye alipata lango la kukagua hati. Wa tatu hatukumwokoa. Alikaa nyumbani bila kutoa taarifa, na barua ya daktari hakuwa nayo. Sheria inataka mgonjwa amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na alete cheti cha daktari akidaiwa. Tulipofika kumtetea, miezi miwili ilikuwa imepita na barua ya kuachishwa imekwisha andikwa. Yeye alidhani kunyamaza kunamlinda. Wahenga walikwisha sema, mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu maradhi yalimwumbua kwenye kazi.

Kwa hiyo kila tawi lijitahidi kuingiza mambo haya katika mkataba wa pamoja: likizo ya ugonjwa inayozidi miezi miwili kwa magonjwa ya muda mrefu, kazi nyepesi kwa anayerudi, ruhusa ya siku za kliniki bila kukatwa, na siri ya mgonjwa kulindwa. Sheria imeweka sakafu. Dari ni letu kulijenga.

7. YA KUKUMBUKA

Peleka hospitali kila kopo, kila chupa na kila jani unalotumia, hata lile unaloona haya. Usianze kitu kipya bila kuuliza. Usiguse chochote kinachosema kinaongeza homoni ya kiume. Usimeze dawa ya unyumba ya kibandani. Kabla ya kupimwa PSA, taja vitamini zote unazomeza. Ukiona mkojo wenye damu, mguu mmoja kuvimba, kifua kubana, au mgongo kuuma na miguu kuishiwa nguvu, usingoje siku ya kliniki.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kitu kinachojenga misuli ya kijana huweza kumdhuru aliyetibiwa tezi dume?
2. PSA za wagonjwa wa PC-SPES zilishuka. Je, hilo lilitosha kuonyesha kwamba dawa ilikuwa salama? Elezeni.
3. Pigeni hesabu ya protini katika chakula mnachokula kwa siku moja, na bei yake. Linganisheni na kopo.
4. Mkataba wenu wa pamoja unasema nini juu ya mgonjwa wa muda mrefu? Usomeni kwa sauti.
5. Mwenzenu akirudi kutoka matibabu, nani atamtembelea, na ni nani atakayemwuliza juu ya makopo bila kumwaibisha?

Mzee wetu yuko zamu ya usiku mpaka leo, na kalamu sikioni. Lile kopo la unga daktari alimruhusu alimalize. Chupa nyingine mbili ziko ofisini kwa tawi, juu ya kabati, zimefungwa. Mwanachama mpya akiuliza ni za nini, tunamketisha tukamwelezea somo hili.

Umoja ni nguvu.